Kengele ya alfajiri na deni la usiku

Wanaohubiri kuamka alfajiri hawakosi kumtaja Tim Cook wa Apple, kampuni ya simu za iPhone, ambaye huwa macho kabla ya saa kumi na moja. Huyo analala saa ngapi? Hapo husikii mtu.

Hoja yao ina uzito, nakiri. Saa hiyo simu imetulia, hakuna anayekuja na “samahani, dakika moja tu”, na ripoti iliyokukwama wiki nzima inaisha kabla hakujapambazuka. Tena anayewahi kazini huonekana mchapakazi, hata akiwa anapiga soga. Mwaka 2010 Christoph Randler, mwanabiolojia wa Ujerumani, alieleza kwamba wanafunzi wa vyuo waliochangamka asubuhi walikuwa wepesi zaidi wa kuanzisha mambo wenyewe. Lakini hao ni watu ambao asubuhi ni yao. Mtu wa usiku aliyejiburuta kutoka kitandani ni habari nyingine. Saa ya mwili inaendeshwa na jeni, na utafiti wake uliwapa wanasayansi wa Marekani Hall, Rosbash na Young Tuzo ya Nobeli mwaka 2017. Haibembelezwi na kengele ya simu.

Mimi niliwahi kujitia ushujaa wa kuamka saa kumi alfajiri. Nusu saa ya kwanza ilipotea nikisoma mstari uleule. Mchana, kwenye jedwali la malipo, nikaandika tarakimu za safu moja kwenye safu nyingine. Mwenzangu ndiye aliyeligundua kosa. Nilikuwa nimelala kwa muda wa saa 5 tu, wakati mtu mzima anashauriwa alale zisizopungua 7.

Jaribio moja la Australia la mwaka 1997 lilionyesha kwamba aliyekaa macho saa 17 hutenda kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 katika damu. Ukiamka saa kumi, hizo zinatimia saa tatu usiku, pengine bado unajibu barua pepe.

Kwa hiyo anayetaka alfajiri aanzie usiku: asogeze muda wa kulala robo saa robo saa, na akiamka atoke nje apate mwanga. Mwenye kichanga au zamu za usiku asisumbuliwe na mahubiri haya.

Siku hizi naamka saa kumi na mbili kasorobo bila taabu. Kengele inayonishinda ni ile ya saa tatu na nusu usiku, ya kuniambia nizime kompyuta.