Gemu mpya ya mikakati: uchache tuvumilie, ila msingi tuuhukumu mapema

Kila ikitoka gemu kubwa ya mikakati, zile za kuongoza dola nzima kwa mamia ya miaka, ugomvi unakuwa uleule. Hawa wanasema gemu ni tupu, ya zamani ilikuwa na vitu vingi zaidi, wale wanajibu tulieni jamani, ipeni miaka miwili itakaa sawa. Europa Universalis V (EU5) ya kampuni ya Paradox ilipotoka Novemba 2025 ukaanza tena, na mimi naona kila upande una lake la kweli.

Wanaosema tusubiri wana hoja nzito. Europa Universalis IV tunayoisifu leo siyo ile iliyotoka 2013, kwa sababu ile ukisogeza ramani huku kwetu Maziwa Makuu ulikuta nyika tupu tu, huwezi kuimiliki wala kuipita. Buganda, Nkore, Karagwe, zote ziliingia baadaye kwa apdeti, na sasa kijana wa Wandegeya, Kampala, anaweza kuanza na Buganda akajipanga mpaka akaifikia Kilwa kule pwani. Sasa uchukue gemu ya wiki moja uilinganishe na kitu kilichoongezewa vitu miaka kumi na zaidi, hapo unaionea kabisa. Hata Stellaris ya 2016, gemu ya anga ya kampuni hiyohiyo, mfumo wa kuendesha sayari waliung'oa wakajenga mwingine miaka miwili baadaye.

Lakini pesa inatoka leo, haitoki miaka miwili ijayo. Dola 60 kwa shilingi yetu ya Uganda ni zaidi ya laki mbili, bado hujaweka bando la kushusha magigi yote hayo, na bado laptopu, maana gemu hizi zinahesabu watu na masoko ya dunia nzima, mashine ya mtumba inahema. Mtu aliyejibana hivyo huwezi kumwambia avumilie tu.

Tena ahadi huwa zinakatika. Imperator: Rome, nayo ya Paradox, ilitoka Aprili 2019 na malalamiko yalikuwa kwamba kila kitu ni pointi, unabonyeza kitufe, pointi zinakatwa, na jambo ambalo kihalisia lingechukua miaka linatokea papo hapo. Kampuni ilisikia, ikarekebisha mpaka toleo la 2.0 la Februari 2021 ambalo wengi walilipenda kweli, ila wachezaji walishaondoka zamani, na mwaka huohuo kazi ikasimamishwa. Aliyenunua 2019 kwa matumaini ya 2023 alibaki hapohapo.

Ndiyo maana nasema tutenganishe uchache na ubovu wa msingi. Crusader Kings III ya 2020, nayo ya Paradox, ilikuja bila jamhuri za wafanyabiashara na bila wahamaji wa kuchezeka, vitu ambavyo ya pili ilikuwa navyo, na bado watu waliipenda tangu mwanzo kwa sababu moyo wake, yaani watu, koo na fitina zao, ulikuwa unafanya kazi. Huo ni uchache, miaka inautibu. Imperator ilikuwa na vitu vingi tu, ila kilicho chini yake ndicho kilichowachosha watu.

Shida ni kwamba msingi hauonekani haraka. Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wanakurudishia pesa ukiomba ndani ya siku 14 na uwe umecheza chini ya saa 2. Kwa gemu ya mpira saa mbili zinatosha sana, ila EU5 inaanza mwaka 1337, saa mbili zikiisha bado unasoma menyu na kusimamisha muda kila dakika, hata Tauni Kuu, ile iliyofagia Ulaya miaka ya 1340, haijafika. Sheria hiyo haimsaidii mteja wa gemu za aina hii hata kidogo, na kampuni zingetoa toleo la kujaribu la bure zingekuwa zimetutendea haki.

Kwa EU5 mimi naona msingi upo, hesabu ya watu na masoko inabeba gemu, kwa hiyo mwenye mashine nzuri na pesa isiyo ya kodi ya nyumba aingie. Mwenye laki mbili za kubangaiza asubiri punguzo, wala asimsikilize anayemwambia siyo shabiki wa kweli. Na wanaoandika rivyu kali tuache kuwatukana, pointi zile za Imperator ziliondolewa kwa sababu wao walipiga kelele.