Barabara nyeupe za Gers

Kwenye ramani za Michelin za kipimo cha 1:200,000, barabara kubwa za Ufaransa zina rangi nyekundu, za kati njano, na vijibarabara vya kuunganisha vijiji na mashamba vimeachwa vyeupe. Wanaopenda kutembea kwa baiskeli huko hupeana ushauri mmoja: kaa kwenye nyeupe, njano uivuke, nyekundu usiiguse. Mimi ni miongoni mwao, na ushauri naufuata. Ila una tundu ndani yake, nalo hulioni mpaka uwe umenyonga baiskeli siku mbili tatu.

Tuchukue mkoa wa Gers, kusini-magharibi mwa nchi. Hauna milima, una vilima tupu. Mito yake, Save, Gimone, Arrats, Gers, Baïse, inatoka upande wa uwanda wa Lannemezan, chini ya milima ya Pyrenees, kisha inatawanyika kuelekea kaskazini kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Ukishika njia ya kaskazini au kusini, unafuata bonde au mgongo wa kilima na gia huigusi kwa muda mrefu. Ukikata mashariki kwenda magharibi, unavuka vidole vyote: kupanda, kushuka, daraja dogo, kupanda tena. Hakuna mwinuko mmoja wa kukutoa machozi, lakini jioni miguu inakumbuka kila kimoja. Julai alizeti zinawaka pande zote mbili, na unaweza kwenda dakika ishirini bila kusikia injini.

Utulivu huu haukupangwa na mtu. Sheria ya mwaka 1836 ilizibebesha jumuiya za vijiji jukumu la barabara zao, na wanakijiji waliweza kutakiwa kutoa hadi siku tatu za kazi kwa mwaka, au pesa badala yake. Ndiyo maana mtandao umefika mpaka kwenye zizi la mwisho. Katikati ya karne hiyo Gers ilikuwa na watu zaidi ya 300,000. Leo ni kama 190,000. Creuse, katikati ya Ufaransa, ilishuka kutoka takriban 287,000 mwaka 1851 hadi chini ya 120,000. Barabara zilichongwa kwa ajili ya wengi, wengi wakaondoka, lami ikabaki. Mgeni anafaidi nafasi waliyoiacha.

Na gharama yake anaionja. Vijiji vingi havina tena mwoka mikate wala mkahawa. Duka lililopo hufungwa saa sita mchana hadi saa nane, na Jumatatu mara nyingi halifunguliwi kabisa. Maji ya kunywa, wazoefu wanayachota kwenye bomba la makaburini, kwa sababu karibu kila kijiji kina makaburi, na makaburi yana bomba la kumwagilia maua. Mara ya kwanza nilisita getini na chupa yangu mkononi. Sisi tulilelewa kwamba makaburini haendi mtu kutafuta starehe. Kiu ikashinda. Kabla ya kunywa, soma kibao: kikisema maji hayafai kunywa, achana nayo.

Wapo wanaosema jawabu ni njia za kijani, zilizotengwa kabisa na magari. Ya kwanza nchini humo ilifunguliwa mwaka 1997 kati ya Givry na Cluny, juu ya tuta la reli ya zamani huko Saône-et-Loire. Treni haipandi vilima, kwa hiyo njia ni tambarare, na mwenye mtoto wa miaka saba hana pa kumpeleka pazuri zaidi. Lakini hoja hii haifiki Gers. Reli hufuata mabonde, na miji ya huko, kama Lectoure na Lavardens, imekaa juu ya vilima. Njia ya kijani ingekupitisha chini yake ukiiona kwa mbali. Tena kuijenga ni fedha, wakati vijibarabara vyeupe tayari vipo.

Sasa lile tundu. Magari machache si sawa na magari ya polepole. Takriban vifo sita kati ya kumi vya barabarani Ufaransa hutokea nje ya miji, kwenye barabara za kawaida, si barabara kuu za kasi (autoroute). Dereva wa huko amezoea kutokutana na mtu. Mwezi Agosti mahindi marefu yanaziba kona, na changarawe zinazomwagwa juu ya lami wakati wa matengenezo ya kiangazi zinakuangusha usipokaa macho. Sheria inamtaka anayekupita nje ya mji akuachie mita moja na nusu, na tangu 2015 anaruhusiwa kukanyaga mstari usiokatika wa katikati ya barabara ili akuachie, mradi anaona mbele vizuri. Wengi wanatii. Kwenye kijibarabara chenye upana wa trekta moja, hata hivyo, hiyo mita na nusu iko ndani ya mtaro.

Julai 2018 serikali ilishusha kikomo cha kasi kutoka kilomita 90 hadi 80 kwa saa kwenye barabara za pande mbili zisizotenganishwa katikati. Vijijini kulichafuka, na hasira hiyo ikaingia katika maandamano ya vizibao vya njano (yaliyoitwa hivyo kwa mavazi ya waandamanaji) mwaka huohuo. Mwishoni mwa 2019 mikoa iliruhusiwa kurudi 90. Haute-Marne ilikuwa ya mwanzo, Januari 2020, na mingine mingi ikafuata. Mwenyeji ana haki ya kulalamika: hospitali iko mbali, basi hakuna, na anayetaka apunguze mwendo ni mpitaji aliyekuja kutazama alizeti.

Lakini malalamiko yake yanahusu njano na nyekundu, ndizo zinazomfikisha hospitali. Nyeupe hazimwokolei dakika, zimepinda mno. Hata hivyo, pasipo kibao cha kupunguza, kikomo chake ni 80 sawa na barabara pana. Ningeziacha njano kama zilivyo na kuzishusha nyeupe hadi 50, na nadhani hata mwenye trekta angekubali, kwani yeye hafikii kasi hiyo.

Kwa sasa, mwenye watoto namwelekeza Cluny. Mimi nitarudi Gers mwezi Juni, mahindi yakiwa bado mafupi, nikishika mgongo wa kilima kuelekea kaskazini.