Mtihani una pazia, wodi ina foleni

Lawama ya wagonjwa wa Dodoma ni ileile kila siku: wauguzi wa sasa wamesoma sana, utu hawana. Vyuo ndivyo vinavyobebeshwa, na si bure. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani, akiwamo Mohammadreza Hojat aliyeongoza kubuni kipimo cha maswali 20 cha huruma kwa mgonjwa, kiitwacho kipimo cha Jefferson, walichapisha matokeo yaliyoshangaza: wanafunzi wa uuguzi waliokutana zaidi na wagonjwa katika mwaka wa masomo uliochunguzwa ndio ambao alama zao za kumwelewa mgonjwa zilishuka. Kipimo chenyewe, lakini, ni mwanafunzi kujieleza. Labda wengine walikuwa wameacha tu kujipamba.

Kwetu kuna mtihani wa vitendo. Mkufunzi ameshika orodha: amesalimia, amejitambulisha, ameomba ridhaa, amevuta pazia. Kila kipengele kina alama zake. Wapo wanaosema huko ni kufundisha maigizo. Sikubaliani nao. Bibi wa Mvumi ambaye Kiswahili kinampa shida, akiamkiwa kwa Kigogo, "mbukwenyi", na pazia likavutwa kabla hajafunuliwa, hana haja ya kujua kama binti yule ametenda kwa moyo au kwa kuogopa kusapu, yaani kufeli na kurudia mtihani.

Tatizo linaanzia wodini. Kule mwanafunzi ana kitabu cha kusainiwa: amezalisha mara ngapi, ameweka mpira wa mkojo mara ngapi. Dakika kumi za kumsikiliza mama aliyefiwa na mtoto nani atazisaini? Basi anakimbilia saini. Pembeni yake dada wa zamu, mwenye wodi nzima mikononi, anaita "yule wa kitanda cha saba", na wiki haiishi mwanafunzi naye anaita hivyohivyo.

Hata hivyo dada yule ana hoja yake. Mwanafunzi anayepelekwa hospitali ya Mirembe kujifunza afya ya akili, akibeba kila mgonjwa moyoni hadi hosteli, hatamaliza hata muhula. Umbali kidogo ni kinga, na mkono unaotetemeka kwa huruma hauupati mshipa. Ila kinga hiyo mwanafunzi anajiokotea mwenyewe, hakuna anayemwonyesha mpaka wake.

Nusu saa baada ya zamu, mkufunzi akiuliza "leo mgonjwa gani amekukera, na kwa nini?", ingesaidia kuliko mhadhara mwingine wa maadili. Haihitaji vifaa. Inahitaji mkufunzi awepo wodini, na chuo chenye wanafunzi lukuki kinakwama hapohapo.