Mguu ulioumwa na bafe: kisu kisiitangulie dawa

Mtu akiumwa na bafe (kwingine huitwa moma au kifutu), mguu huvimba hadi ngozi ing'ae, malengelenge hujaa maji yenye damu, na vidole hupoa. Hapo daktari wa upasuaji ana hoja nzito: misuli imefungwa ndani ya utando usiotanuka, presha ikipanda damu haipiti, na baada ya saa sita hivi misuli imekwenda. Basi utando upasuliwe mapema. Si hoja ya kupuuza. Presha hiyo hutokea kweli, hasa nyoka akiuma ncha ya kidole au misuli ya mbele ya muundi.

Ila sumu ya bafe huiga karibu dalili zote hizo. Uvimbe mwingi uko chini ya ngozi, juu ya utando. Mapigo hayasikiki kwa kidole kwa sababu nyama imevimba. Weka Dopla, kifaa cha kusikiliza mwendo wa damu kwa mawimbi ya sauti, mara nyingi utasikia damu ikipita. Na misuli inayooza imeuawa na sumu yenyewe, ambayo kisu hakiitoi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani waliwadunga nguruwe sumu ya nyoka mwenye njuga mkiani. Misuli ya waliopasuliwa ilikufa zaidi.

Kisha kuna damu. Chota mililita 2 kutoka mshipani, tia kwenye chupa kavu ya kioo, iache dakika 20 bila kuigusa, halafu ilaze mara moja tu. Ikimiminika, haigandi, na ukipasua hapo mgonjwa atavuja hata kufa. Kipimo ni rahisi, lakini chupa ndiyo huharibu kazi: plastiki, au kioo kilichooshwa kwa sabuni, huzuia hata damu ya mtu mzima wa afya isigande. Jaribu chupa kwanza kwa damu ya asiyeumwa.

Kwa hiyo antivenomu, dawa ya kupinga sumu ya nyoka, itangulie. Wanaoiogopa kwa sababu ya mzio wana haki. Adrenalini miligramu 0.5 kwa mtu mzima iwe tayari kwenye sindano, ichomwe msuli wa paja dalili za mzio zikianza. Adrenalini ya mtoto hupunguzwa, antivenomu haipunguzwi: nyoka hakumpunguzia sumu.

Damu ipimwe tena baada ya saa 6. Ikiganda, na presha ya ndani ya utando iliyopimwa kwa sindano bado imezidi milimita 40 za zebaki, kisu kina kazi.