Ndege ya mtumba: injini ndiyo ya mwisho kuiogopa

Mwaka huu nimeshaulizwa na watu kama wanne hivi, wabongo wenzangu tuliopo huku Indiana, na swali lao ni lilelile. Mtu kaona ndege ya rimoti ya kujifunzia, ile ya mafuta, inauzwa mtumba, ndege na injini na rimoti vyote kwa pamoja dola 80 au 100, roho inataka ila anaogopa injini. Si ya zamani hiyo, haitanisumbua? Na mimi jibu langu halibadiliki: nunua, tena injini ndiyo iwe ya mwisho kukunyima usingizi. Kinachoziangusha hizi ndege ni vitu vya dola mbili, dola ishirini, vile vilivyojificha ndani ambavyo hakuna anayeviangalia siku ya kununua, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nimeona ndege nzuri kabisa zinaishia kwenye mahindi ya watu kwa ajili ya kipande cha mpira.

Tuanze na hiyo injini. Nyingi kwenye ndege hizi ni saizi ya .40 (inchi za ujazo), yaani cc 6.5 tu, tustroku, haina koili wala cheche kama ya pikipiki. Plagi yake ina kawaya kembamba ka platinamu, unakapasha moto kwa betri ya volti 1.5, injini ikishawaka unachomoa betri na kawaya kanaendelea kuwa kekundu kenyewe, joto la mlipuko linasaidia na methanoli nayo ikigusa platinamu inazalisha joto. Basi, mfumo mzima ndio huo, Mmarekani mmoja anaitwa Ray Arden ndiye aliyeuingiza sokoni 1947 na mpaka leo haujabadilika sana. Kitu kisicho na mambo mengi hakina mengi ya kuharibika.

Mafuta yake ni methanoli, naitromethani kidogo, asilimia 5 mpaka 15 hivi, halafu oili, na kwenye hiyo oili mara nyingi mna mafuta ya nyonyo. Ndiyo, nyonyo hii hii. Siku ya kwanza nimewasha mashine garajini mke wangu akafungua mlango akasimama, akanusa, akasema mbona kunanukia kwa bibi?

Na nyonyo ndiyo inayowapa watu bahati bila wao kujua. Yangu niliipata kwenye gulio la wapenda ndege, lile la ukumbini ambapo kila mtu anakodi meza anapanga vitu vya garajini kwake. Mzee aliyekuwa anauza alisema wazi, imekaa darini miaka, propela haizunguki, imekamata. Watu wawili mbele yangu waliishika wakairudisha mezani, mimi nikatoa dola 75 nikaondoka nayo. Injini yake ilikuwa ya O.S., kampuni ya Kijapani, modeli ya .40 LA, na kilichoikamata wala hakikuwa kutu, ni nyonyo imekauka ikawa kama gundi. Nikatoa plagi, nikaipuliza kwa drayer ya nywele kama dakika kumi mpaka chuma kikawa cha moto, nikazungusha propela kwa kitambaa polepole, ikagoma, nikapuliza tena, ikasogea kidogo, halafu ghafla ikalegea yote na oili nyeusi ikaanza kutoka pale kwenye shimo la plagi. Raha niliyoisikia siku hiyo siwezi kuieleza. Ila usiilazimishe ikiwa ya baridi, utapinda koniktingi, ule mkono wa pistoni. Na kama injini yako ni ya beringi (hiyo LA ni ya bushi), izungushe bila plagi usikilize vidoleni, ukihisi mchanga mchanga ujue beringi zimepata kutu, methanoli inavuta maji sana, lakini hata hizo zinanunulika na zinabadilishika.

Sasa njoo kwenye vitu vinavyoua.

Tangi la mafuta. Watu wanaliangalia kwa nje, ni safi, halivuji, wanaridhika. Ndani ya tangi kuna kampira laini kenye kizito cha chuma mwishoni, kazi yake ni kufuata mafuta popote yanapolalia, ndege ikiinua pua kizito kinaangukia nyuma, ikiegemea kushoto kinaenda kushoto, na kampira ndiko kanakonyonya. Kampira hako kakizeeka kanakuwa kagumu au kanapasuka. Au mwenye ndege wa zamani aliwahi kuibamiza pua chini, kizito kikaruka mbele kikanasa huko na hakuna aliyejua. Na ubaya wake ni kwamba ukiwa chini hautaona kitu! Injini inawaka vizuri, inapiga kelele safi, unafurahi, unaruka, unainua pua, na hapo hapo inanyonya hewa na kuzima, uko mita kama 20 juu na spidi hakuna.

Hiyo ilinikuta. Safari ya nne. Bahati nzuri nilikuwa na mwalimu wa klabu, mzee mstaafu wa pale kwetu, rimoti zetu mbili zimeunganishwa kwa waya na yeye ndiye mwenye swichi, nikasikia kimya kile, na mkono wangu ukafanya kile ambacho kila mwanafunzi anafanya, kuvuta stiki ili ndege isishuke. Ndicho kinachoua. Mzee akaichukua, akashusha pua, akaiacha iteleze kwa spidi mpaka karibu na majani ndipo akainyanyua kidogo, ikatua mbali na njia lakini nzima. Alichoniuliza ni kimoja tu, je uliiinua pua kabla ya kuruka? Sikuwa nimefanya. Tangu siku hiyo siruki mpaka nimewasha, nimefungua mafuta yote, nimeishika ndege kwa nguvu nimeielekeza pua juu sekunde kumi, mtu mwingine akinisaidia na wote tuko nyuma ya propela. Ikibadilisha sauti hatuendi popote. Mpira wenyewe niliobadilisha ulikuwa wa dola mbili na senti.

Halafu betri, na hapa nitakuwa mkali. Betri ya ndani ya ndege ndiyo inayolisha risiva (inayopokea mawimbi ya rimoti) na sevo zote (vile vimota vinavyosogeza usukani wa ndege), kwa ndege za zamani ni seli nne, volti 4.8, na ukiikuta imekuja na ndege ya mtumba itoe, itupe kwenye chombo cha betri, nunua mpya. Usiniambie umeipima na mita ikasoma vizuri. Betri iliyozeeka inasoma vizuri ikiwa imekaa, ikianza kuvuta sevo nne kwa pamoja ndipo inaporomoka, na ikiporomoka angani huna tena ndege, una kilo mbili na nusu za mbao na chuma zinazoenda zinakotaka, na kule chini kuna watu na magari na watoto wao. Kwa dola ishirini! Mtu anabishana na hili kweli?

Rimoti vivyo hivyo. Za zamani huku Marekani zilikuwa za 72 MHz, chaneli ya 11 mpaka 60, na mkiwa wawili kwenye chaneli moja mwenzako anawasha tu yake huko chini, ya kwako inaanguka, ndiyo maana viwanja vilikuwa na ubao wa pini, hujachukua pini ya chaneli yako huwashi. Siku hizi karibu kila mtu yuko 2.4 GHz na hakuna habari ya kugongana. Kama unayo hela ya rimoti moja tu maishani, weka hapo, hiyo utahama nayo kutoka ndege hadi ndege.

Mbao nayo usiisahau. Chukua kidole gumba ubonyeze pale nyuma ya injini, kwenye ile plaiwudi injini ilipofungwa, na balsa, ile mbao nyepesi, ya pembeni yake. Ikibonyea kama mkate uliolowa oili, iache mezani hata kama rangi inang'aa.

Nimeambiwa zile za foamu za umeme zenye kompyuta ya kujisawazisha ni rahisi zaidi, na ni kweli ni rahisi zaidi, anayetaka aende huko na atafurahi. Mimi napenda hii kwa sababu inanilazimisha kuijua. Bawa liko juu, tumbo lake bapa, limekunjwa kidogo kama V, ukiachia stiki ndege yenyewe inarudi sawa, ndiyo maana ni ya kujifunzia. Na ikiwa inakuja upande wako, pale ambapo kushoto na kulia vinageuka kichwani, mzee alinifundisha neno moja lililoniokoa: bawa lolote linaloshuka, peleka stiki upande wa bawa hilo, kama unaliwekea mti wa kulikinga. Usifikirie zaidi ya hapo.

Wadogo zangu wa Dar na mmoja wa Mombasa wananiandikia niwatumie. Ndege tupu naweza kuifunga, ila mafuta hayapandi begi la ndege yoyote, methanoli inashika moto kirahisi mno, kwa hiyo kwa nyumbani ningesema anzeni na umeme, na kabla ya hapo mkaulize TCAA au KCAA, mamlaka za usafiri wa anga za Tanzania na Kenya, kwanza wanaruhusu nini, maana kwa mamlaka hivi vyote vinaingia kundi la vyombo visivyo na rubani. Hata huku ukizidi gramu 250 unajisajili FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, na mimi ninaruka uwanja wa klabu tu.

Jumamosi iliyopita nilipeleka kijana mmoja aliyenunua yake wiki mbili nyuma. Tulikaa chini tukabadilisha mpira wa tangi na betri, tukafunga bawa kwa mipira kumi na mbili, miwili ya mwisho ikapishana msalaba, tukaiinua pua. Sauti haikutetereka. Mzee akaunganisha waya wa rimoti mbili. Iliporudi chini kijana hakusema kitu, alichukua tishu akaanza kufuta oili kwenye ubavu wa ndege, taratibu, kuanzia kwenye ekzosi hadi mkiani, akanusa ile tishu, akacheka, akauliza mafuta yamebaki kiasi gani.