Rekodini Pindi, Hata kwa Simu

Mwaka wa kwanza chuoni nilikuwa mtu wa kukaa kwenye ngazi za ukumbi. Viti vilijaa nusu saa kabla ya pindi, yaani kipindi cha mhadhara, na maikrofoni ilifanya kazi siku ikipenda. Kutoka pale niliona mgongo wa mwalimu na ubao uliojaa matriksi, sauti ikinifikia vipande vipande. Jioni naazima daftari la aliyekaa mbele, kumbe naye ameandika nusu.

Aliyenivusha ni mzee wa Marekani, Gilbert Strang, aliyekuwa profesa wa hisabati wa MIT. Chuo hicho kilitangaza mwaka 2001 kwamba kitaweka masomo yake kwenye intaneti bure, na mihadhara ya Strang ikawamo. Hana mbwembwe: chaki, ubao basi. Nilimsubiri saa sita usiku, bando la usiku likianza, namrudisha nyuma mara nne sehemu moja. Mwalimu wangu sikuweza kumrudisha nyuma hata mara moja. Na alikuwa hodari! Alikuwa na mfano wa daladala na vituo vyake ambao Strang hawezi kuutoa. Nimebaki na nusu yake.

Wahadhiri husema tukirekodi, ukumbi utabaki mtupu. Wapo watakaobaki kitandani, sikatai. Lakini hao leo wako wapi? Wanasubiri desa, yaani noti za kurithishana, kwenye grupu la WhatsApp wiki ya UE, mtihani wa mwisho wa muhula, desa la mwaka juzi lenye makosa ya mwaka juzi. Mvivu ana njia zake tayari. Asiye na njia ni yule ambaye bumu, pesa ya mkopo ya kujikimu, limechelewa na nauli hana, au mama mwenye kichanga, au kijana wa shule ya kata ambaye Kiingereza cha mwalimu kinamwacha njiani. Huyu wa mwisho ndiye anayeniuma zaidi. Haulizi, anaogopa kuchekwa. Anaandika neno kama alivyolisikia, kisha analikariri hivyo hivyo mpaka linamletea sapu, mtihani wa kurudia. Akiwa na sauti sikioni, atalisikiliza neno lilelile mara sita bila kumwomba mtu radhi.

Ukitaja kurekodi, watu wanawaza kamera, halafu bajeti, halafu kamati. Simu moja juu ya meza ya mwalimu inatosha. Sauti ya saa nzima ikibanwa hadi kilobiti 32 kwa sekunde ni kama MB 14, na CR, kiongozi wa darasa, anaweza kuigawa kwa bluetooth bila bando kabisa. Ubao upigwe picha.

Hofu moja ya wahadhiri naiheshimu. Ukumbini mtu hutania, hutolea serikali mfano, hukosea hesabu akajisahihisha. Sekunde ishirini zikikatwa na kusambazwa peke yake zinaweza kumgharimu kazi. Basi asirekodiwe kwa siri, na akate anachotaka kabla sauti haijatoka. Ila anayeogopa kusikika akisoma noti za miaka kumi iliyopita, huyo sina la kumsaidia.

Mwaka jana nilimwandikia mwalimu wangu yule, nikamuuliza ule mfano wa daladala ulimalizikaje. Alijibu kwa upole kwamba hakumbuki kama aliwahi kuutoa.