MR2 mpya: silinda tatu za Yaris au lita mbili za G20E?

Tangu Toyota waonyeshe GR Yaris M kwenye maonyesho ya magari ya Tokyo Auto Salon Januari 2025, ile Yaris ambayo injini imetolewa kwenye boneti ikawekwa nyuma ya viti, mashabiki wamekuwa wakisema hilo ndo jaribio la MR2 mpya, ile Toyota ndogo ya spoti, kwasababu MR2 zote toka 1984 mpaka zilipoachwa 2007 zilikaa hivyohivyo. Jina ni la mashabiki, Toyota wenyewe walichoonyesha ni gari la majaribio tu. Sasa ubishi umebaki kwenye injini: ije na hiyo G20E mpya ya lita 2.0, silinda nne na tabo (turbo, feni inayozungushwa na moshi ili isukume hewa zaidi kwenye injini), au wachukue G16E ya GR Yaris, yaani Yaris ya spoti, 1.6 silinda tatu?

Wanaotaka silinda tatu wana hoja nzito na naona wanapuuzwa bure. Kwanza injini ipo na imeshazoeleka, Japani ilianza na nguvu za farasi 272 mwaka 2020 ikapandishwa mpaka 304. Alafu kuna jambo la moshi. Kwenye silinda tatu kila moja inawaka nyuzi 240 za mzunguko wa injini baada ya mwenzake, kwahiyo moshi unafika kwenye tabo kwa zamu bila kugongana na tabo inaamka mapema, wakati silinda nne zinawaka kila nyuzi 180, moshi wa huyu unaingiliana na wa yule, ndo maana wengi wanalazimika kufunga tabo yenye njia mbili za moshi. Kwa gari dogo jepesi hiyo sio faida ya kudharau.

Lakini piga hesabu. Farasi 304 kwa lita 1.6 ni kama 188 kwa kila lita, yaani hiyo injini imeshakamuliwa sana. Ukichukua kiwango hichohicho ukakiweka kwenye lita 2.0 unapata kama 375 bila kuitesa zaidi. Wanaosema G20E inaweza kufika farasi 400 wanaambiwa wanaota ila hawaoti, Mercedes-AMG M139 ni lita 2.0 silinda nne na inatoa 421, iko barabarani miaka kadhaa. Swali la kweli ni joto. Injini ikiwa mbele inapata upepo wa moja kwa moja, ikikaa nyuma ya dereva hewa inabidi ivutwe kwa pembeni, na tabo ya nguvu hiyo inahitaji intakula (kipoza hewa ya tabo) kubwa. Hapo ndo naona 400 itakuwa ya gari la mashindano na gari la kuuza litabaki chini kidogo.

Na mimi hilo halinisumbui hata kidogo, kinachonisumbua ni watu kuhesabu farasi tu. MR2 ya pili, SW20, ilikuwa na 3S-GTE lita 2.0 tabo na ilijijengea sifa ya kugeuka ghafla, unaingia kona kwa kasi, unaachia mafuta katikati, mkia unatoka kabla hujajipanga, mpaka Toyota wakarudi kurekebisha sasipensheni na tairi. Sasa fikiria nguvu mara moja na nusu ya ile. Yaris M inavuta tairi zote nne na hiyo ingesaidia, sawa, ila driveshafti na difu ya mbele, vile vyuma vinavyopeleka nguvu kwenye tairi za mbele, ni uzito, na MR2 ya mwisho ilipendwa kwasababu ilikuwa karibu tani moja tu, na farasi wake hawakufika hata 150.

Kuna na wale wa haibridi, wanaotaka injini isaidiwe na mota ya umeme, nao hawajakosea sana maana Toyota walipoitangaza familia hii ya injini mpya Mei 2024 walisema wazi zimebuniwa zikae pamoja na umeme, na Euro 7, sheria mpya ya Ulaya ya moshi wa magari, inaanza kwa modeli mpya Novemba 2026. Betri ndogo ningeikubali kwa shingo upande, kubwa hapana.

Kwahiyo mimi niko upande wa G20E, ila iwe na farasi 320 hivi, tairi za nyuma ndo zivute na gia za mkono ziwepo. Wakileta 400 kwenye gari la tani moja na nusu, bora wangefunga tu ile ya silinda tatu.